Watakatifu Kwenye Kamba ya Nguo

Ilikuwa Ijumaa moja ya Kwaresima, mwaka 2018. Nilikuwa nimetoka zamu ya mchana, miguu imevimba, nikapika ugali na samaki, tukaketi mezani wanne: mimi, baba watoto, mwanangu wa kiume aliyekuwa na miaka 12, na mdogo wake wa kike wa miaka 7. Tulikuwa hatujafika katikati ya chakula mwanangu akaweka tonge chini.

"Mama, yule jaji alikuwa anakwenda Misa?"

"Jaji gani?"

"Jaji Taney. Yule aliyesema sisi hatuwezi kuwa raia."

Siku hiyo darasa lao lilikuwa limepelekwa kutembelea Mahakama ya Kale ya mji tunamoishi, St. Louis, hapa Marekani. Ni jengo lenye kuba, karibu na mto Mississippi. Humo ndimo iliposikilizwa kesi ya Dred Scott na mkewe Harriet, watumwa ambao mwaka 1846 waliiomba mahakama iwape uhuru wao. Bwana wa Dred Scott alikuwa daktari wa jeshi, naye alikuwa amemchukua kwenda kuishi naye sehemu za kaskazini ambako utumwa ulikuwa umekatazwa. Kesi ilikwenda miaka 11, ikafika hadi Mahakama ya Juu kabisa kule Washington. Mwaka 1857 mkuu wa mahakama hiyo, Roger Taney, akatoa hukumu kwamba mtu mweusi wa ukoo wa watumwa, awe mtumwa au awe huru, hawezi kuwa raia wa Marekani.

"Mwalimu amesema alikuwa Mkatoliki," mwanangu akaendelea. "Kama sisi."

Nami, Mungu anisamehe, nikamjibu, "Kula, chakula kinapoa."

Mama mwenzangu, labda utasema jibu kama hilo ni la kawaida, sote tumeshawahi kulitoa. Ni kweli. Lakini mimi nilikuwa na kosa la ziada. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha watoto wa parokia yetu historia ya nchi hii, na mwanangu alikuwa msaidizi wangu.

Niwaeleze ilivyoanza. Mwezi mara moja tunapata Misa ya Kiswahili. Wanaokuja ni watu wa Kongo kwa wingi, tena wengi wao wamepitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, halafu Warundi, Wakenya wachache, na sisi Watanzania tunaohesabika. Mwaka 2014 akina mama walianza kulalamika kwamba watoto wanafeli somo la historia. Mama mmoja alinionyesha karatasi ya mtihani ya binti yake, alama nyekundu juu mpaka chini. Tulimcheka kidogo yule binti, kumbe kucheka huko kulikuwa kwa kuficha aibu yetu, maana hata sisi tusingejibu hata moja. Shuleni mimi nilisoma Vita vya Maji Maji, nikasoma Mkwawa na Mkutano wa Berlin. Juu ya Marekani nilijua kwamba watumwa walipelekwa huko, na kwamba alikuwapo Martin Luther King. Basi.

Watakatifu lakini niliwajua. Nilisomea stashahada ya uuguzi katika chuo cha misheni, na kila asubuhi kabla ya uji sista alitusomea maisha ya mtakatifu wa siku. Wakati ule tulikuwa tukisinzia. Miaka mingi baadaye, usiku mmoja baada ya kazi, nilikuwa nikitafuta habari za watakatifu wanaowaombea watu wa hospitali nikakutana na René Goupil. Huyu alikuwa Mfaransa aliyesomea upasuaji, akataka kuwa Mjesuiti akashindwa kwa sababu ya uziwi, akajitolea kuwasaidia mapadre bila kuwa padre. Mwaka 1642 alikamatwa na Wamohawk pamoja na Padre Isaac Jogues walipokuwa wakipeleka vifaa kwa watu wa kabila la Huron. Aliuawa tarehe 29 Septemba mwaka huo kwa sababu alimfanyia mtoto mdogo ishara ya msalaba. Leo anahesabiwa kuwa msimamizi wa wale wanaowalaza wagonjwa usingizi kabla ya upasuaji.

Nilipofunga kitabu niliona kwamba kwa kumfuata mtu mmoja nilikuwa nimesoma habari za Wafaransa, Wahuron, Wamohawk, biashara ya ngozi za wanyama na vita vilivyotokana na biashara hiyo. Yote kwa usiku mmoja, tena bila kusinzia.

Basi nikanunua kamba ya kuanikia nguo na vibanio. Tukaifunga ukumbini, kutoka mlangoni hadi kwenye dirisha la mwisho. Kila Jumamosi mtakatifu mmoja, karatasi moja yenye picha waliyoichora watoto wenyewe, na mwaka umeandikwa kwa herufi kubwa. Kazi ya mwanangu ilikuwa kupanda juu ya kiti na kubana karatasi mahali pake. Watoto wa Kongo wakaniita Mama Nesi, na jina hilo limeniganda mpaka leo.

Somo waliloliomba mara kwa mara lilikuwa la Kateri Tekakwitha. Padre Jogues aliuawa mwaka 1646 katika kijiji cha Ossernenon, sehemu ambayo leo ni jimbo la New York. Miaka kumi baadaye, mwaka 1656, katika kijiji hicho hicho alizaliwa mtoto wa kike. Baba yake alikuwa Mmohawk, mama yake alikuwa wa kabila la Algonquin na alikuwa amebatizwa. Mtoto alipofika miaka kama minne ndui ikaingia kijijini. Baba akafa, mama akafa, na mdogo wake wa kiume akafa. Yeye alipona, lakini uso ulibaki na makovu na macho yakawa dhaifu, hata mwanga wa jua ukawa unamwumiza. Alibatizwa Pasaka ya mwaka 1676 akiwa na miaka 20. Ndugu zake hawakumpenda tena, akakimbilia kijiji cha Wakristo karibu na Montreal, akafa huko mwaka 1680, umri wake miaka 24 tu.

Hapo uuguzi wangu ulinifaa. Niliwaeleza watoto jinsi mwili unavyojifunza kupigana na ugonjwa, na kwa nini ugonjwa uliotoka ng'ambo uliwafagia wenyeji ambao miili yao ilikuwa haijawahi kukutana nao. Watoto hawa wamechanjwa sana, kambini na hapa, hivyo walielewa haraka kuliko nilivyotegemea. Nikawaambia kwamba mama yangu mzazi ana kovu la chanjo ya ndui mkononi, na kwamba mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia, mwaka 1977. Mwezi Mei 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ndui imekwisha. Mwezi uliofuata, Juni 1980, Papa Yohane Paulo II akamtangaza Kateri kuwa Mwenye Heri. Sisemi kwamba mambo haya mawili yalipangwa pamoja, ila kila ninapoyafundisha kwa pamoja nywele hunisimama. Alitangazwa Mtakatifu mwaka 2012.

Mtakatifu wangu mimi mwenyewe ni Elizabeth Ann Seton, kwa kuwa alikuwa mke na mama. Alizaliwa New York mwaka 1774, kabla nchi haijajitangazia uhuru. Baba yake alikuwa daktari aliyewapima wahamiaji bandarini, akafa mwaka 1801 kwa homa aliyoipata kwa hao hao wagonjwa wake. Mume wake alikuwa mfanyabiashara wa meli, akafilisika, akaugua kifua kikuu. Mwaka 1803 walisafiri kwenda Italia kutafuta hewa nzuri, wakamchukua binti yao mkubwa wa miaka 8 na kuwaacha wadogo wanne nyumbani. Walipofika bandari ya Livorno wakazuiwa, maana New York kulikuwa na homa ya manjano. Wakafungiwa karantini karibu mwezi mzima katika jengo la mawe lenye baridi na unyevu, mume akikohoa damu. Alikufa siku mbili baada ya Krismasi.

Mwaka 2020, wakati wa korona, nilifundisha somo hilo kwa simu. Ninafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Tulikuwa tumefunga milango, na watoto wa wazee wetu walisimama nje na kuwapungia mikono kupitia vioo. Sikuhitaji kueleza maana ya karantini.

Elizabeth alirudi kwao akiwa mjane, akaingia Kanisa Katoliki mwaka 1805, na wengi wa jamaa na marafiki wakamkwepa. Mwaka 1809 akaanzisha shirika la masista na shule kule Emmitsburg, Maryland, huku akiendelea kulea watoto wake watano, wawili kati yao akiwazika. Yeye alikufa mwaka 1821. Julai 1863, baada ya mapigano makubwa ya Gettysburg, ambayo si mbali na Emmitsburg, masista wa nyumba ile walikwenda na magari ya farasi kuwahudumia majeruhi wa pande zote mbili. Kwa njia hiyo nilifika kwenye Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe bila kutaja sana bunduki.

Na hapo ndipo kosa langu linapoanza kuonekana. Nilifika kwenye vita vile kwa njia ya bandeji. Nilieleza wauguzi na majeruhi, nikasahau kueleza kwa kituo walikuwa wakipigania nini.

Nilikuwa na desturi hiyo. Askofu Yohane Neumann, mhamiaji kutoka Bohemia, nilimtumia kueleza shule za Kikatoliki. Mama Cabrini watoto walimpenda kwa sababu alifika New York kutoka Italia mwaka 1889 akakuta hakuna mahali palipoandaliwa, na askofu mkuu akamshauri arudi alikotoka. Watoto wetu wanaujua usiku wa kwanza katika nyumba isiyo na sufuria wala blanketi. Nilipofika kwa Katharine Drexel, binti tajiri wa Philadelphia aliyetumia urithi wake, kiasi cha dola milioni 20, kujenga shule za Weusi na Wahindi Wekundu, mtoto mmoja aliuliza kwa nini watu weusi walihitaji shule za peke yao. Nilimjibu kwa sentensi moja, nikamwambia mwanangu abane karatasi, tukapita.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa kwa mtakatifu wetu wa karibu. Upande wa pili wa mto Missouri, mwendo wa nusu saa kwa gari, uko mji wa St. Charles ambako Rose Philippine Duchesne alifika kutoka Ufaransa mwaka 1818 na kufungua shule, na huko ndiko alikozikwa. Tuliwapeleka watoto kuona. Niliwasimulia jinsi alivyokwenda Kansas mwaka 1841, akiwa na miaka 71, kuishi na watu wa kabila la Potawatomi. Lugha ikamshinda, nguvu zikamwishia, akawa anasali tu kanisani, na wao wakampa jina la mwanamke asaliye daima. Watoto walitulia kimya. Sikuwaambia kwamba watu wale walikuwa Kansas kwa sababu mwaka 1838 askari waliwatoa kwa nguvu kwao Indiana, wakatembezwa miezi miwili, na zaidi ya 40 wakafa njiani, wengi wao watoto. Sikuwaambia kwamba shirika lake lilikuwa na watumwa, jambo ambalo shirika lenyewe limelikiri waziwazi miaka ya karibuni. Wala kwamba Wajesuiti walipohamia hapa Missouri kutoka Maryland mwaka 1823 walikuja na watumwa sita, mume na mke, jozi tatu.

Haya yote sikuyajua yote, nisijisingizie. Lakini nilijua ya kutosha kujua kwamba yapo mengine, na sikuyatafuta. Nilitaka watoto waipende imani yao. Nilidhani nikiwapa upande mtamu peke yake watakua wakiwa na nguvu, kama mama anayemlisha mtoto sukari tupu.

Jumamosi iliyofuata ile Ijumaa ya samaki, mwanangu alikataa kuingia ukumbini. Alibaki ndani ya gari, kofia ya koti imefunika uso. Nilibana karatasi mwenyewe. Jumamosi ya pili vilevile. Nyumbani alijibu salamu, akafanya kazi zake, akaenda kulala. Jumapili alikwenda Misa kwa sababu baba yake alisimama mlangoni. Wakati wa Ekaristi alibaki ameketi.

Wewe uliye mama unaelewa. Mtoto akipiga kelele unajua la kufanya. Akinyamaza, huna dawa.

Kazini kwetu alikuwapo bibi mmoja Mmarekani Mweusi, Mkatoliki, aliyepita miaka 80. Sitamtaja jina, ametangulia mbele ya haki. Nilikuwa nikimfunga kidonda cha mguu akaniambia, "Binti, una sura ya mtu aliyefiwa." Nikamweleza. Alisikiliza mpaka nikamaliza, halafu akaanza kunisimulia utoto wake katika mji huu huu. Walikuwa wakikaa viti vya nyuma kabisa kanisani. Wakati wa Komunyo walisubiri mpaka Mzungu wa mwisho apokee. Mwaka 1947 Askofu Mkuu Joseph Ritter aliamuru shule zote za Kikatoliki za jimbo ziwapokee watoto weusi. Wazazi wa Kizungu wapatao mamia wakajikusanya ili wampeleke mahakamani; askofu akaandika barua ikasomwa makanisani, kwamba atakayefanya hivyo anajitenga na Kanisa. Wakaacha. Mdogo wake yule bibi akaingia shule iliyokuwa mtaa wa pili tu, ambayo yeye aliipita kila siku akienda ya mbali.

Nilimwuliza kama Kanisa lilimweka nyuma, kwa nini alibaki. Alinitazama kana kwamba nimesema jambo la kitoto. "Lilikuwa langu pia," akasema. "Nani aliwaambia ni lao?"

Kisha akauliza, "Padre Tolton umewafundisha?" Nikamwambia simjui. Akatoa picha ndogo iliyochakaa kutoka kitabu chake cha sala: padre mweusi, amevaa kofia ya mapadre wa zamani.

Kwetu mzazi hamwombi mtoto radhi kirahisi. Humpikia anachokipenda, na yakaisha. Nami nilianza hivyo, nilipika chapati. Alikula nne na bado hakusema neno. Usiku nikaenda kuketi ukingoni mwa kitanda chake.

"Baba," nikamwambia, "Taney alikuwa anakwenda Misa. Nimesoma. Na wako wengine. Nilikuwa nikiwapa nusu ya habari kwa sababu niliogopa mtaliacha Kanisa. Nilikosea, unisamehe."

Alikaa kimya kwa muda. Halafu akasema, "Mwalimu alituambia kaburi la Dred Scott liko Calvary."

"Calvary ipi?"

"Makaburi ya Wakatoliki, Mama. Hapa hapa."

Tulikwenda Jumapili ile, sote wanne. Ni kweli. Dred Scott hakuishi kama Mkatoliki, alipata uhuru Mei 1857 kwa mkono wa Taylor Blow, mtoto wa familia iliyowahi kummiliki, akafa mwaka uliofuata kabla hajaufaidi. Miaka michache baadaye Taylor Blow, aliyekuwa Mkatoliki, akamhamishia katika makaburi hayo. Juu ya jiwe lake watu huweka sarafu za senti moja zenye sura ya Abraham Lincoln. Mwanangu alipekua mifuko yake, hakuwa na kitu. Baba yake akapekua, akampa moja.

Jumamosi alipanda kwenye kiti kama zamani, ila safari hii alikuwa na karatasi yake mwenyewe aliyoichora: jaji mzee mwenye nywele ndefu, na mwaka 1857. Akaibana kati ya Neumann na Cabrini. Ukumbi ukanyamaza. Nikawaeleza watoto kila kitu, pamoja na Potawatomi, pamoja na jozi tatu za watumwa wa mwaka 1823.

Baadaye baba mmoja alinifuata nje. Hakuwa amekasirika, alikuwa na wasiwasi. "Mama Nesi, kwa nini tuwafundishe watoto aibu ya Kanisa? Hawatakuwa na kitu." Kabla sijajibu, mama mmoja wa Uvira aliyekuwa akifunga mtoto mgongoni alimjibu yeye. Alisema watoto wake waliona kijijini kwao watu waliokuwa wakisali nao kiti kimoja wakija usiku na mapanga. "Wao hawashangai kwamba mtu wa Misa anaweza kutenda ubaya," akasema. "Wanashangaa sisi tunapojifanya hatujui." Yule baba hakukubali siku ile, na sina hakika kama amekubali mpaka leo. Watoto wake lakini hawajakosa.

Juni 2019 habari ilikuja kwamba Papa Fransisko ameidhinisha tamko la fadhila za kishujaa za Padre Augustus Tolton. Julai tukafunga safari kwenda Quincy, mji wa Illinois alikozikwa. Tulipita Hannibal, upande wa Missouri, ambako mwaka 1862 mama yake Tolton, mtumwa aliyeitwa Martha Jane, alifika usiku akiwatorosha wanawe watatu. Augustus alikuwa na miaka 8, na mdogo wao wa mwisho alikuwa hajafikisha miaka miwili. Inasimuliwa kwamba walipewa mashua ndogo, na mama yule akapiga makasia mwenyewe kuvuka Mississippi huku wakipigwa risasi. Ng'ambo ya pili utumwa haukuruhusiwa. Mumewe alikuwa ametangulia kwenda kujiunga na jeshi la Kaskazini, na hakurudi.

Kule Quincy mama na watoto walifanya kazi katika kiwanda cha tumbaku. Shule ya kwanza ya parokia ilimkataa Augustus kwa makelele ya wazazi Wazungu. Padre mmoja Mwairishi, Peter McGirr, akampokea katika shule yake. Alipotaka upadre, hakuna seminari ya Marekani iliyomkubali. Akaenda Roma, akasoma akitegemea kutumwa Afrika, kwetu huku. Alipewa daraja tarehe 24 Aprili 1886, na wakubwa wa Roma wakaamua arudi Marekani, kwenye nchi iliyomkataa. Alihudumu Quincy, padre jirani akamsumbua kwa sababu Wazungu nao walikuja kwenye Misa zake, akahamia Chicago. Julai 1897, siku ya joto kali, alianguka njiani akafa, umri wake miaka 43.

Mpaka ninapoandika haya hakuna Mmarekani Mweusi aliyetangazwa Mtakatifu. Wapo walio njiani, Padre Tolton mmoja wao.

Kaburini tulisali rozari fungu moja. Kisha tukateremka mtoni. Mto ni mpana, maji ya rangi ya chai ya maziwa, na yanakwenda kasi kuliko yanavyoonekana ukiwa mbali. Binti yangu, miaka 8 wakati ule, alitazama ng'ambo kwa muda mrefu akaniuliza, "Kama mama yake alikuwa anapiga makasia, mtoto mdogo alishikwa na nani?"

Kaka yake akamjibu kabla yangu. "Augustus," akasema. "Lazima alikuwa Augustus."

Sasa yeye ana miaka 19, yuko chuo kikuu. Siwezi kuwaambia kwamba anakwenda Misa kila Jumapili, anakwenda baadhi. Hunipigia simu usiku kuniuliza mambo ambayo yananilazimu kusoma. Wiki iliyopita tulibishana juu ya Mtakatifu Junípero Serra wa Kalifornia, ambaye sanamu zake ziliangushwa mwaka 2020, na hatukumaliza. Akiwa likizo huja ukumbini kufunga kamba, kwani mimi mabega yameanza kuniuma.

Jumamosi ijayo tunaanza upya na René Goupil. Watoto wapya ni 11. Vibanio vinne vimevunjika, nimemwambia baba watoto apitie dukani.